Mama Mizani na Babu Asiyepimwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mizani ya lango kuu ikishafungwa, kiwanda chetu cha unga kitamuaga mfanyakazi aliyekitumikia kwa miaka thelathini na minne: msimamizi wa mizani na mwalimu wa timu yetu ya kunyanyua vyuma. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko huko libaki, kwa sababu tukiliandika hapa nusu ya wafanyakazi watauliza ni nani huyo. Sisi tunamwita Mama Mizani. Mkurugenzi humwita hivyo. Hata mumewe, ambaye ni kinyozi, alisikika akimwita hivyo siku aliyomletea miwani aliyoisahau nyumbani.

Mhariri wa jarida amenipa kazi hii mimi, mtunza stoo, akidai kwamba stoo haina shughuli nyingi. Sikubishana naye. Atakapokuja kuomba karatasi za kuchapia toleo lijalo tutalizungumza vizuri. Ameniagiza niandike kwa ufupi na kwa heshima, na upande wa heshima nitajitahidi.

Mama Mizani alianzia idara ya ufungashaji, akishona midomo ya magunia. Waliokuwapo wanasema alikuwa binti mwembamba, mwenye mikono mirefu na kauli fupi. Gunia likipita mbele yake alisema limepungua au limezidi, nalo likifika kwenye mizani lilikubaliana naye. Wasimamizi walichoka kufungua magunia ili kumkosoa, wakaona heri wamhamishie kwenye mizani yenyewe, na tangu hapo hakuna lori lililoingia wala kutoka bila ruhusa yake.

Madereva wamemjaribu kwa kila hila. Kuna mmoja aliyejibanza nyuma ya kiti wakati lori lake tupu linapimwa, ili uzito wake uhesabiwe kuwa wa gari, halafu ashuke kimya kimya wakati wa kupima shehena. Mama Mizani hakusogea alipokuwa amekaa. Alimpigia simu mlinzi amwambie yule baba aliye nyuma ya kiti kwamba uzito wake umeshatolewa kwenye hesabu, na kwamba kwa urefu wake angepaswa kula zaidi. Dereva alishuka akacheka yeye mwenyewe kabla hajachekwa.

Na usidhani anapima magari tu. Ukikutana naye koridoni atakutazama toka utosini mpaka viatuni, kisha akuulize una nini mbona umepungua, au nani anakupikia siku hizi. Mhasibu wetu, mtu asiyeikosea adabu sahani yake, kila akitoka likizo huingilia lango la nyuma kwa wiki nzima.

Hayo ni ya kazini. Lakini uhodari wake mwingine ni ule wa jioni, kazi ikiisha, katika chumba kilicho nyuma ya karakana. Kwa wasioujua mchezo huu niseme kidogo. Mnyanyuaji huutoa mtaimbo sakafuni ukiwa na sahani za chuma kila upande, akaufikisha kifuani, kisha akausukuma juu ya kichwa mpaka mikono inyooke. Hapo hutulia na kungoja mwamuzi aseme "shusha". Akishusha kabla ya kuambiwa, amejichosha bure. Waamuzi ni watatu na kila mmoja ana taa yake: nyeupe wakikukubali, nyekundu wakikukataa. Mengine yote ni jasho na chaki ya mikononi. Kuna vijana wetu waliowahi kubana matumizi kwa kupaka unga badala ya chaki. Jasho lilipokolea, wakajikuta wameshika uji.

Yeye mwenyewe alishindana enzi za ujana wake, wakati mwanamke mwenye mtaimbo alitazamwa kama mbuzi aliyevaa viatu. Habari za mashindano yake ya mwisho amenisimulia mumewe wiki iliyopita, nikiwa chini ya wembe wake, mahali ambapo mtu husikiliza kwa utulivu. Lilikuwa shindano la viwanda. Mama Mizani alikuwa amebakiza mnyanyuo mmoja tu apate medali. Mtangazaji akasoma kwenye kipaza sauti: kilo sitini. Kwa zama zile na kwa umbo lake hiyo ilikuwa namba ya kutisha, nayo ilimwingia magotini. Aliushika mtaimbo, ukafika kifuani, ukakataa kwenda mbele. Taa zikawaka nyekundu zote tatu, akarudi nyumbani bila kitu.

Siku chache baadaye, kazini, gunia la pumba lililolowa mvua lilizuia njia. Alilikumbatia akalitupia kwenye toroli huku akiendelea kumsuta mtu kwa jambo jingine kabisa. Toroli lilipopita kwenye mizani, gunia likasoma sitini na ushei. Mumewe anasema jioni ile hakula. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akajitazama kwenye kioo, akasema kilichomshinda siku ile hakikuwa mzigo. Kilichomshinda ni kutajiwa namba. Hakupanda tena jukwaani kushindana, na mumewe anaamini kwamba zile sitini zilibaki zimemkaa moyoni kama deni.

Alipoomba aanzishe timu ya kiwanda alipewa chumba kile cha nyuma ya karakana, ambacho wakati huo kilikuwa makao ya mashine mbovu ya kupepetea na familia kadhaa za panya. Mtaimbo aliupata kwenye shule moja iliyokuwa ikitupa vifaa chakavu. Ulikuwa umeshika kutu, umepinda kidogo kama mgongo wa mtu mzima, na namba zake zote zilikuwa zimeliwa. Akaupa jina la Babu. Sahani zilikatwa na fundi mitambo wetu kutokana na mabaki ya mashine za kusagia, zote duara moja, unene tu ndio tofauti. Mama Mizani alikataza katakata zisiandikwe uzito. Zilipakwa rangi zikapewa majina: nyekundu ni Mjomba, bluu ni Shangazi, nyeupe ni Mtoto.

Kwa hiyo anayepita dirishani jioni husikia mambo. Muongezeeni Babu Shangazi mmoja. Mtoeni Mtoto, leo hatumtaki. Mlinzi mmoja mgeni aliwahi kuingia mbio na rungu mkononi baada ya kusikia Mjomba amemwangukia mtu mguuni. Mpaka leo huyo mlinzi ni mwanachama wa timu, na mguu ulipona.

Uzito kamili tulitajiwa mara chache, pale tu ilipobidi, na hesabu yake alikuwa nayo Mama Mizani peke yake. Alituambia Babu ana kilo kumi na tano, kama mitaimbo ya mashindano ya wanawake ilivyo. Wapakiaji wetu wa kiume walinung'unika kwamba wanapewa chuma cha kike. Mama aliwajibu kwamba akimwona mmoja wao amembeba huyo wa kike bila kukunja uso atamtafutia wa kiume.

Hapa inanibidi nitoboe aibu ya kiwanda kizima. Kila tulipokwenda kushindana ugenini, vyuma vya wenyeji vilikuwa vyepesi. Kila mtu alilihisi hilo. Mwaka mmoja kiongozi wa wapakiaji alikasirika, akawasilisha malalamiko rasmi kwamba wenyeji wanatumia vyuma vilivyopunjwa. Wenyeji walileta mizani mbele ya waamuzi, wakapima kimoja kimoja, vyote vikawa sawasawa. Tuliomba radhi tukarudi kimya, huku tukiamini kwamba hata mizani yao ilikuwa na walakini. Nyani haoni kundule. Tunafanya kazi mahali ambapo kila gunia hupimwa likiingia na likitoka, kuna mizani mpaka jikoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumpima Babu.

Basi nifike kwa Dada Mwiko. Huyu ni mpishi wetu wa kantini, mwenye mabega yaliyojengwa kwa kukoroga masufuria yanayotosha kuogea mtoto. Alijiunga na timu akiwa na watoto wawili na mama mgonjwa nyumbani, na aliwahi kusema kwamba saa ile ya jioni na Babu ndiyo saa pekee katika siku ambayo hakuna anayemwita kumwagiza kitu. Alikuwa na nguvu kutushinda sote. Tatizo lake lilikuwa lile lile la mwalimu wake: mtangazaji akisoma namba, magoti yanaomba ruhusa. Mara mbili alifika mnyanyuo wa mwisho wa shindano la viwanda, na mara mbili aliuacha mtaimbo kifuani.

Mwaka uliofuata meneja utawala alitoa tamko. Timu haijawahi kuleta medali, alisema, na magunia matupu hayana pa kulala. Tusiporudi na chochote safari hii, chumba kitakuwa ghala. Dada Mwiko alipolisikia hilo hakupika vizuri siku ile, nasi tuliokula ni mashahidi.

Shindanoni, mpinzani wake kutoka kiwanda cha sabuni alibeba vizuri, akaketi akijipepea. Ikabaki zamu moja ya Dada Mwiko. Mama Mizani akaenda mezani kwa waamuzi, akaandikisha kilo tisini. Kwa hesabu tuliyoijua sisi, Dada Mwiko hajawahi kupita themanini na tano. Namba iliposomwa kwenye kipaza sauti alimshika mwalimu wake mkono, akamwambia hawezi, tisini hajawahi kuigusa tangu azaliwe. Mama Mizani akampaka chaki viganjani, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Huu umeshaubeba, mwanangu," akamwambia. "Nenda kausalimie tu."

Dada Mwiko alikwenda akiamini kwamba amedanganywa kwa upendo, kama mtoto anavyoambiwa na nesi kuwa sindano haiumi. Akainama, akauvuta, akaufikisha kifuani. Pale kifuani ndipo tulipofumba macho baadhi yetu. Tulipoyafumbua mtaimbo ulikuwa juu, mikono imenyooka, na yeye anangoja. Mwamuzi akasema shusha. Taa zikawaka nyeupe zote tatu, na kiongozi wa wapakiaji, yule wa malalamiko, akalia kwa sauti mpaka akaombwa atoke ukumbini.

Chumba kilipona. Magunia matupu yaliletwa stoo kwangu, yako huko mpaka leo, na hilo nalo nimelisamehe. Baada ya siku ile medali zilikuja nyingine, za wanawake na za wanaume, na zote zinaning'inia juu ya dirisha la mizani, ambapo madereva huziangalia kabla ya kufikiria ujanja.

Ila kuna jambo halikupona. Dada Mwiko hakuwahi kuiamini medali yake. Kila ukimsifu alisema ilikuwa bahati, Mungu alimwonea huruma siku moja, na mtu hafundishi wenzake bahati. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka huu, Mama Mizani alipotangaza kwamba anastaafu na anamwachia yeye timu, Dada Mwiko alikataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Mama alimrudia mara kadhaa, akamtuma hata mumewe kinyozi kumbembeleza, jibu likawa hilo hilo. Naye meneja utawala, ambaye kumbukumbu yake ni nzuri kuliko tunavyopenda, akauliza kama timu isiyo na mwalimu inahitaji chumba. Sisi tunaomjua Mama Mizani tuliona kwamba anakaribia kuondoka akiwa na huzuni, na kwa mtu kama yeye hilo lilituuma.

Kustaafu kuna makabidhiano, na makabidhiano ni kazi ya stoo. Kila kifaa lazima kiandikwe na uzito wake. Nilimbeba Babu kwa msaada wa fundi mitambo, tukamlaza kwenye mizani ya magunia. Ikasoma ishirini. Tukaona mizani ina hitilafu, tukampeleka kwenye ya ufungashaji. Ishirini. Tukampeleka kwenye ya jikoni kwa aibu, maana hakutosha juu yake, ncha yake moja ikamzuia mpishi msaidizi kupita. Ishirini. Miaka yote hiyo Babu alikuwa na kilo tano zaidi ya tulivyoambiwa, na sisi tumekuwa tukizibeba bila habari.

Dada Mwiko alikuwa amesimama pale na mwiko wake mkononi. Niliona akihesabu midomo ikicheza. Themanini na tano zake za mazoezini, ongeza tano. Aliuweka mwiko chini, akatoka nje na aproni yake, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la mizani. Sisi tulimfuata kwa sababu za kikazi.

Mama Mizani alikuwa anakunywa chai. Aliulizwa kama alijua kwamba Babu ana ishirini.

"Nilimpima siku aliyofika," akasema. "Mimi ni mtu wa mizani, mlitaka nikae naye bila kumpima?"

Dada Mwiko akasema kwa sauti ndogo kwamba basi zile tisini alikuwa ameshazibeba kweli. Mama Mizani alimjibu kwamba alimwambia hivyo hivyo siku ile, kwa Kiswahili, tena akiwa amemshika mkono. Dada Mwiko akaketi kwenye ngazi ya mizani, akacheka, halafu akalia, halafu akavifanya vyote kwa pamoja. Kwa kuwa alikuwa amekaa kwenye mizani, uzito wake ulisomeka kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda Mama Mizani hakusema chochote kuhusu namba hiyo.

Tulidhani yameisha. Kumbe Dada Mwiko ana kisasi cha wapishi, kinachoiva kwa moto mdogo.

Ijumaa iliyopita yalifanyika mazoezi ya mwisho ya Mama Mizani. Desturi yake ni kufunga kila mazoezi kwa mnyanyuo mmoja mwepesi, anaouita kumuaga Babu: Shangazi mmoja na Mtoto mmoja kila upande. Ana umri wa miaka sitini na bado huufanya bila kuguna. Jioni ile Dada Mwiko ndiye aliyempangia vyuma. Mchana wake, yeye na fundi mitambo walikuwa wamewachukua mashangazi wawili waliosalia wakawapaka rangi nyeupe ya Mtoto. Mume wa Mama Mizani, aliyetoboa habari za zile sitini, alishirikishwa, akasema yeye hajui kitu ila atakuja. Wapakiaji wawili walisimama karibu, wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Ukimjumlisha Babu kwa uzito wake halali na mashangazi wanne wa kilo kumi kumi, mtaimbo ulikuwa na kilo sitini kamili.

Mama Mizani alivua miwani kama kawaida yake, akaniachia mimi niishike. Akajipaka chaki. Akainama, akauvuta, na nikaona nyusi zikipanda kidogo. Ulipofika kifuani alitulia. Nilimtazama mumewe, alikuwa ameshika kofia yake kama anataka kuikamua. Kisha Mama akasukuma, mtaimbo ukaenda juu, mikono ikanyooka.

Yeye anangoja, sisi tunamtazama, na hakuna aliyefungua kinywa. Ndipo tulipotambua kosa letu. Katika chumba kile neno "shusha" lina mwenyewe mmoja, na mwenyewe alikuwa chini ya mtaimbo. Miaka yote hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Mikono yake ilianza kutetemeka, macho yanatuzunguka mmoja mmoja, lakini kushusha bila kuambiwa, yeye, mbele yetu? Asingeweza. Tungemtesa pale mpaka asubuhi.

Dada Mwiko akapiga hatua moja mbele.

"Shusha, mama," akasema.

Akashusha, polepole, bila kuuangusha, kama alivyotufundisha. Alipapasa ile sahani nyeupe kwa kiganja chake, akasema kwamba Mtoto huyu amenenepa. Dada Mwiko akamtajia namba. Nilimvisha Mama miwani yake, akamwangalia mumewe, naye mumewe akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni zile zile. Mama Mizani alilia, na sisi tukalia naye, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye jarida la kiwanda. Halafu akajifuta, akamwambia Dada Mwiko kwamba mtu aliyekwisha kusema "shusha" chumbani humu hawezi tena kudai kwamba yeye si mwalimu. Dada Mwiko akakubali. Jumatatu alimwambia meneja utawala atafute kwingine kwa magunia yake, na nasikia jicho la meneja limeelekea tena stoo kwangu.

Mama Mizani, kiwanda kinakushukuru kwa kila lori, na timu inakushukuru kwa zile kilo tano ulizotufichia. Tungezijua, tusingezibeba. Nenda ukakae kwenye kile kiti cha kunyolea uchoke kupumzika, upime wajukuu, na miaka iliyo mbele iwe myepesi kama vyuma vya wenyeji. Babu tutamtunza, na mgeni yeyote akiuliza uzito wake, ataambiwa ana kumi na tano.

Umengoja kwa utulivu muda mrefu kuliko sisi sote. Shusha sasa, mama. Taa ni nyeupe zote tatu.